Kipimo cha surua cha mwanangu kimerudi hasi. Je, ni kwa sababu kinatumia virusi vya Marekani vya 1954?

#1 NyumbaniKasulu
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kasulu, mkoani Kigoma. Kijana wangu ana miaka miwili na miezi. Alianza na homa, mafua na kikohozi, macho mekundu kama kamwagiwa pilipili, kisha upele ukashuka kutoka usoni mpaka miguuni. Mama mkwe alimtazama mara moja tu akasema hii ni surua. Amelea watoto tisa na wajukuu sijui wangapi, habahatishi.

Tukampeleka kituo cha afya. Wakamtoa damu, wakampa vitamini A (ile kapsuli inayokatwa ncha na kukamuliwa mdomoni), tukaambiwa damu inakwenda Dar maabara ya taifa. Jana, baada ya wiki tatu na ushee, majibu yamefika. Surua hasi. Rubela hasi.

Nikamsimulia jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi stoo ya vifaa vya maabara mjini Kigoma. Akaniambia visahani vya kupimia surua vinapakwa virusi vyenyewe vya surua, na ukoo wa virusi hivyo ulichukuliwa kwa mtoto wa Kimarekani mwaka 1954. Vinaoteshwa mpaka leo na kuuzwa kwa maabara duniani kote kama malighafi ya kupimia.

Sasa hoja yangu ni hii: surua ya mtoto wa Marekani ya miaka zaidi ya sabini iliyopita itaitambuaje surua ya Kasulu ya leo? Mimi naamini kipimo ndicho kilichokosea, si mama mkwe. Wataalamu nipingeni kwa hoja.

#2 Migebuka Freshi
Ngoja waje. Nimekaa mkao wa kula.

#3 Mwalimu wa Urambo
Mleta mada, mama mkwe wa Kiha akisema surua, wewe sema surua. Usitafute ugomvi nyumbani kwa ajili ya karatasi.

#4 FundiMaabara_TBR
Salaam kutoka Tabora. Jamaa yako wa stoo kasema kweli nusu, ngoja nikamilishe nusu iliyobaki.

Ni kweli, vipimo vingi vya surua vinatumia virusi vya surua kama chambo. Vinaoteshwa kwenye seli, vinavunwa, vinasafishwa na kuuawa, kisha vinagandishwa kwenye vishimo vya kisahani. Hiyo ndiyo antijeni. Ukidondosha majimaji ya damu ya mtoto, kingamwili zake za surua kama zipo zinanasa pale. Unaosha, unaweka dawa ya kuonyesha, rangi inatokea, mashine inasoma. Kingamwili inayotafutwa ni IgM, ile inayotoka mwanzo mwili ukikutana na ugonjwa.

Kwenye baadhi ya vipimo kila mgonjwa anapewa vishimo viwili. Kimoja kina seli zilizooteshewa virusi, kingine kina seli zile zile zisizo na virusi. Mashine inatoa cha pili kutoka cha kwanza. Maana kuna damu zinazong'ang'ania chochote, na bila kishimo cha pili ungewaita watu wana surua kumbe damu yao inanata tu kwenye seli. Na vipo vipimo vya aina nyingine vinavyotumia protini moja tu ya virusi, iliyotengenezwa bila kuotesha virusi vizima. Kwa hiyo si visahani vyote vina "mtoto wa 1954".

Lakini hoja yako ya kwamba vya zamani haviwezi kutambua vya leo, hapo nakataa. Nitarudi, zamu imeanza.

#5 Mchambuzi Kibondo
Kabla Fundi hajakataa, mimi namuunga mkono mleta mada. Tukumbuke kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutoboa kidole. Kinanasa protini moja ya kimelea. Vikatokea vimelea visivyo na protini hiyo, na Eritrea walilazimika kubadilisha kipimo kwa sababu wagonjwa wenye malaria ya wazi walikuwa wanaonekana hasi. Kama malaria imekikwepa kipimo, surua inashindwa nini?

#6 NyumbaniKasulu
Mchambuzi, asante sana. Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nayo kifuani nikakosa maneno.

#7 MuuguziNzega
Mleta mada, naomba jibu moja tu kabla hatujafika Marekani wala Eritrea. Damu ilitolewa siku ya ngapi tangu upele uanze? Si tangu homa. Tangu upele.

#8 Ukweli Mchungu
Watu mmesoma kweli? VIRUSI VYA SURUA VINAUZWA. Sisi tunakimbizana na chanjo kumbe kuna watu wanavifuga na kuviuza kwa chupa. Na sisi ndio panya wao wa majaribio. Chanjo ya surua yenye nguvu kubwa ilijaribiwa Senegal na Guinea-Bissau, watoto wa kike wakafa zaidi. Tafuteni.

#9 FundiMaabara_TBR
Nimepata dakika kumi.

Mchambuzi #5, mfano wako ni mzuri lakini haufanani na hili. Kipimo cha malaria kinamtafuta mdudu mwenyewe, mdudu akivua shati, kipimo kinampoteza. Kipimo cha surua kinatafuta kingamwili za mtoto. Na kingamwili za surua ya popote zinashika surua ya popote. Mafua makali hubadilika kila mwaka mpaka chanjo yake inabadilishwa, surua haiko hivyo. Kwa kinga ya mwili, surua ni moja duniani kote.

Ushahidi unao nyumbani kwako, kwenye kadi ya kliniki. Chanjo nyingi za surua zinazotumika leo zimetokana na virusi hivyo hivyo vya 1954. Mtoto anayechanjwa Kasulu anakingwa dhidi ya surua inayozunguka Kasulu leo. Kama kingamwili zilizofundishwa na virusi vya 1954 zinaiua surua ya leo, basi kingamwili zilizofundishwa na surua ya leo zitavitambua virusi vya 1954 kwenye kisahani.

Ukweli Mchungu #8, vinavyopakwa kwenye visahani vimeuawa. Vinavyofugwa hai vinafugwa kwenye maabara zenye ngazi yake ya usalama, na watumishi waliochanjwa.

#10 Ujiji Kwetu
Rekebisho dogo. Mleta mada kasema "mtoto wa Kimarekani 1954", wengine husema 1963. Yote yapo. 1954 John Enders na Thomas Peebles walichukua damu na maji ya kusukutulia koo kwa mwanafunzi David Edmonston wa shule ya bweni karibu na Boston, iliyokuwa na mlipuko wa surua. Ndiyo maana ukoo ule unaitwa Edmonston. 1963 ndipo chanjo iliporuhusiwa Marekani. Na Enders alipata tuzo ya Nobel mwaka ule ule wa 1954, lakini kwa kuotesha virusi vya polio, si kwa surua, na aliipata pamoja na wenzake wawili.

#11 Migebuka Freshi
Mtoto wa watu kaumwa bwenini, jina lake liko kwenye friji za dunia nzima.

#12 MamaPacha Uvinza
Mimi si mtaalamu ila nina kisa. Pacha wangu waliugua surua nyumba moja, kitanda kimoja. Wote walitolewa damu siku moja, kwa mkono wa muuguzi mmoja. Kulwa chanya, Doto hasi. Niliumia kichwa. Baadaye mganga wa zahanati akaniuliza kama lile swali la #7. Kulwa upele ulimtoka Jumatatu, Doto Alhamisi, na damu ilitolewa Ijumaa. Kipimo kile kile, kisahani kile kile. Kwa hiyo mimi siwezi kusema kisahani kilikuwa kibovu.

#13 MuuguziNzega
MamaPacha, umemaliza kila kitu. IgM haitoki siku ya kwanza kwa wote. Ndani ya saa 72 za mwanzo za upele, takriban mtoto mmoja kati ya wanne mwenye surua ya kweli anaweza kuonekana hasi. Siku ya nne mpaka wiki inayofuata karibu wote wanaonekana. Sampuli inakubalika mpaka siku ya 28. Ndiyo maana ikitolewa mapema na kurudi hasi, mtoto anatakiwa kurudi kutolewa nyingine. Wengi hawarudi, maana mtoto ameshapona na nauli ni nauli.

Jambo la pili, na nasema kwa upendo, hiyo damu haikutolewa ili kumtibu mwanao. Matibabu hayasubiri majibu, ndiyo maana alipewa vitamini A siku ile ile. Damu ni ya kuwapa taarifa wanaofuatilia milipuko. Wakithibitika watoto watatu ndani ya mwezi mmoja eneo lile, ule ni mlipuko, na baada ya hapo wengine wanahesabiwa kwa kuhusiana nao hata bila kutolewa damu.

#14 Asali ya Sikonge
Wa Kigoma mnapenda mlolongo. Tabora tungekuwa tumeshalamba asali tukalala.

#15 Ujiji Kwetu
Asali haitibu surua ndugu yangu Mnyamwezi. Leta mtoto huku tumpe mawese.

#16 NyumbaniKasulu
Nimesoma wote, asanteni. Muuguzi, kwa kumbukumbu yangu tulikwenda haraka, siku ya pili au ya tatu. Nitauliza nyumbani.

Lakini Fundi, kuna kitu hujakigusa. Mtandaoni nimeona surua ina aina B3, D8 na nyingine. Kama ni moja, hizo aina za nini?

#17 FundiMaabara_TBR
Swali zuri. Hizo ni koo za vinasaba. Zimehesabiwa 24, ila zinazoonekana zikizunguka duniani miaka hii ni B3 na D8. Wanasoma herufi 450 za mwisho za jeni moja ya virusi. Chukulia kama namba ya usajili wa gari. Namba inakueleza gari limesajiliwa wapi, haikuelezi linavyokwenda. Ukoo unasaidia kujua mlipuko wa Kibondo umetoka upande gani wa mpaka, au ni ule wa mwaka jana haukukatika. Kwa kingamwili, B3 na D8 zote ni surua.

Ukoo A ndio wa chanjo zote. Hata virusi vile vya 1954 ni vya ukoo huo.

#18 Mzee wa Igunga
Vijana, mimi nilikuwa bwana mifugo. Surua ina ndugu yake mkubwa, mnamjua? Sotoka ya ng'ombe. Mwisho wa karne ya 19 sotoka ilifyeka mifugo Afrika Mashariki yote na njaa ikafuata. Chanjo nzuri ya sotoka ilipatikana Muguga, Kenya, kwa kazi ya Walter Plowright, akiotesha virusi kwenye seli za figo za ndama kizazi baada ya kizazi mpaka vikapoteza ukali. Mwaka 2011 dunia ilitangaza sotoka imekwisha.

Hawa wawili walikuwa mmoja zamani. Mwaka 2020 watafiti walisoma pafu la mtoto aliyekufa kwa surua Berlin mwaka 1912, lililokuwa limehifadhiwa kwenye dawa, wakakadiria kuwa surua na sotoka huenda ziliachana karne ya 6 kabla ya Kristo. Sisi wafugaji tumeumaliza ugonjwa wa ng'ombe. Wa watoto bado upo, na hili linanikera mpaka leo.

#19 Mchambuzi Kibondo
Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya pafu sikuijua.

Fundi, nakubali nusu. Nina maelezo mengine. Surua inashusha kinga. Daktari Von Pirquet mwaka 1908 aliona watoto waliokuwa wanaonyesha kifua kikuu kwenye kipimo cha ngozi, wakipata surua kipimo kinazima kwa muda. Na tafiti za 2019 zilionyesha surua inafuta sehemu ya kingamwili ambazo mtoto alikuwa nazo za magonjwa mengine. Sasa kama surua inazima kinga kiasi hicho, haiwezi kuzima hata IgM yake yenyewe? Ikajificha?

#20 FundiMaabara_TBR
Mkuu, hapo umenifanya nifikiri. Lakini angalia, ule upele wenyewe ni kazi ya kinga ya mwili ikishambulia seli zenye virusi. Watoto ambao kinga yao imelala kabisa wanaweza kupata surua ya mapafu bila upele hata mmoja. Mtoto wa Kasulu alitoka upele mwili mzima, maana yake kinga yake ilikuwa kazini. Kwa hiyo sioni IgM ikizimwa na surua kwake. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali ningekuwa mwangalifu zaidi kusema.

#21 Ukweli Mchungu
Hakuna aliyenijibu Senegal. Na kuna Mjerumani aliweka euro 100,000 kwa atakayethibitisha virusi vya surua vipo, mahakama ikasema hadaiwi.

#22 MuuguziNzega
Nakujibu ndugu yangu, maana la kwanza ni la kweli na si vizuri kulipita. Chanjo ya surua yenye kipimo kikubwa cha virusi, iliyokusudiwa watoto wachanga zaidi, ilitolewa Senegal, Guinea-Bissau na Haiti. Waliofuatilia watoto baada ya chanjo waliona wasichana wanakufa zaidi kuliko waliopewa ya kawaida. Shirika la Afya Duniani likaiondoa 1992. Watoto wale walistahili bora, na sisi wauguzi tunapaswa kulisema hilo bila kuzunguka. Ile inayotolewa kliniki zetu kwa miezi 9 na miezi 18 si ile. Ni ya kipimo cha kawaida, na tangu 2014 hapa kwetu imeunganishwa na rubela.

#23 Ujiji Kwetu
La Mjerumani namalizia mimi. Mahakama ya Ravensburg mwaka 2015 iliamua alipe. Mahakama ya juu Stuttgart 2016 ikatengua, kwa sababu tangazo lake lilitaka chapisho MOJA lenye ushahidi wote, na daktari aliyemshtaki alileta sita. Hawakusema virusi havipo. Walisoma masharti ya zawadi.

#24 Reli ya Kati
Niulize tofauti kidogo. Fundi kasema virusi vinaoteshwa kwenye seli. Seli za nani?

#25 FundiMaabara_TBR
Enders na Peebles walianza na seli za figo za binadamu. Chanjo nyingi zikahamia kwenye seli za kijusi cha kuku. Maabara nyingi wanatumia seli za Vero, zilizotoka kwenye figo ya tumbili mmoja wa Kiafrika, Japani, Chuo Kikuu cha Chiba, 1962. Tumbili alishakufa zamani, seli zake zinaendelea kugawanyika mpaka leo. Jina Vero ni la Kiesperanto, limefupishwa kutoka "figo ya kijani", maana yule tumbili ni wa kijani. Kwa Kiesperanto neno hilo pia ni "ukweli".

Zamani kulikuwa na kipimo kingine kabisa cha surua kilichotumia chembe nyekundu za damu ya tumbili, kwa sababu virusi vya surua vinazigandisha pamoja. Za binadamu havizigandishi hivyo.

#26 Migebuka Freshi
Kwa hiyo sokwe wetu wa Gombe wako hatarini kunyofolewa figo?

#27 Ujiji Kwetu
Sokwe si tumbili, Migebuka. Ila hatari kwa sokwe ipo upande mwingine, kutoka kwetu kwenda kwao. Rwanda mwaka 1988 sokwe wakubwa wa milimani waliugua, surua ikashukiwa, wakachanjwa kwa chanjo ya surua ya binadamu. Ndiyo maana ukienda Gombe unakaa mbali nao, na ukiwa na mafua huruhusiwi.

#28 MamaPacha Uvinza
Naomba niseme la macho kabla uzi haujaenda porini kabisa. Mtoto wa dada yangu alipoumwa surua, bibi mmoja alimkamulia majani machoni ili "surua itoke". Jicho moja halioni mpaka leo. Tafadhalini, macho ya mtoto mwenye surua yasafishwe kwa maji safi na apelekwe kituoni.

#29 Mwalimu wa Urambo
Pole sana dada. Bibi yangu naye alikuwa na imani hiyo kwamba surua isipotoka nje inabaki ndani na kuua. Alitufunika mablanketi mchana wa jua.

#30 MuuguziNzega
MamaPacha, pole. Hapo ndipo Tanzania ina jambo lake la kujivunia. Utafiti wa vitamini A na surua ulifanyika Mvumi, Dodoma, kwa watoto 180 waliolazwa. Waliopewa matibabu ya kawaida tu walikuwa 88, wakafa 12. Walioongezewa vitamini A walikuwa 92, wakafa 6. Ulichapishwa 1990. Kile kikapsuli mleta mada alichokiona kikikamuliwa, kimepita Mvumi.

#31 Mchambuzi Kibondo
Ni 1987, si 1990. Na hesabu ni ndogo, 12 na 6, peke yake isingetosha. Tafiti za mahali pengine zilikuja kuunga mkono.

#32 MuuguziNzega
Sawa, 1987. Asante.

#33 Ujiji Kwetu
Na sasa Wanyamwezi mnaelewa kwa nini nilisema mawese. Wekundu ule ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A.

#34 Asali ya Sikonge
Hata embe la Tabora lina wekundu huo huo. Reli ilifika kwetu 1912, kwenu 1914, kila kitu mnakipata baada yetu.

#35 Reli ya Kati
Embe msimu wake miezi mitatu. Mawese mwaka mzima. Kesi imekwisha.

#36 Mzee wa Igunga
Turudi kwa mtoto. Mimi nawaza safari ya damu. Kasulu mpaka Dar ni mbali, hata kama sasa kuna lami. Kama ilipata joto?

#37 FundiMaabara_TBR
Mzee wangu, kingamwili ni ngumu kuliko tunavyodhani. Damu iliyokaushwa kwenye karatasi maalumu inaweza kupimwa vizuri tu. Kinachoharibu ni damu nzima kugandishwa kwa baridi au kutikiswa kabla ya kutenganishwa, chembe zinapasuka na majimaji yanakuwa mekundu. Maabara wanaikataa au wanaandika pembeni. Mleta mada, karatasi yako ina maandishi yoyote pembeni?

Na kuna maelezo ambayo hatujayagusa. Huenda haikuwa surua wala rubela. Kuna virusi vingine vinavyotoa homa na upele kwa watoto wadogo. Kuna upele wa dawa pia. Alipewa septrini au antibaotiki yoyote kabla upele haujatoka?

#38 Mchambuzi Kibondo
Na lingine: alichanjwa dozi ngapi? Aliyechanjwa akipata surua hafifu, mwili unaweza kukumbuka moja kwa moja na IgM ikatoka kidogo tu au isionekane.

#39 NyumbaniKasulu
MREJESHO.

Wakuu, nimekwenda kituoni kuomba kuona fomu, wamenipokea vizuri. Hakuna maandishi pembeni, damu ilikuwa safi. Tarehe ya kuanza upele imeandikwa ndiyo ile ile ya kutolewa damu. Nikarudi nyumbani kuuliza. Mama mkwe anasema upele ulianza nyuma ya masikio siku ya gulio, yaani siku mbili kabla. Mke wangu anasema hapana, ni siku nne kabla, yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha. Septrini alipewa, chupa ilinunuliwa duka la dawa siku ya kwanza ya homa. Dozi alipata ya miezi 9 tu, ya miezi 18 ilitupita tukiwa shambani.

Kwa hiyo kila mmoja hapa anaweza kuwa sahihi. Kwa hesabu ya mama mkwe leo ni siku ya 26. Kwa hesabu ya mke wangu ni ya 28. Nimempeleka leo hii, wamemtoa damu nyingine.

#40 MuuguziNzega
Umefanya vizuri sana, kaka. Kuanzia nyuma ya masikio kunaelekea surua kweli.

#41 Mwalimu wa Urambo
Mama mkwe oyee.

#42 FundiMaabara_TBR
Hongera mkuu. Swali moja dogo. Katikati hapa, baada ya damu ya kwanza, alichanjwa ile dozi iliyompita?

#43 NyumbaniKasulu
Ndiyo. Siku kumi zilizopita tulimpeleka kupimwa uzito, wakaona pengo kwenye kadi, wakamchoma. Kuna ubaya?

#44 FundiMaabara_TBR
Hakuna ubaya wowote kwa mtoto, walifanya la sawa. Tatizo ni la kipimo. Hii damu ya pili ikirudi chanya, huenda ni surua ya gulio, huenda ni chanjo ya siku kumi zilizopita. IgM haisemi imefundishwa na nani. Kinachotofautisha ni kusoma vinasaba kutoka kooni, B3 au D8 ni ya mtaani, A ni ya chanjo, lakini kwa surua ya wiki nne koo lake sidhani kama lina kitu tena.

#45 Mchambuzi Kibondo
Ila dozi ya pili kwa mtoto aliyechanjwa ya kwanza mara nyingi haipandishi IgM. Kwa hiyo ikiwa chanya, mimi nitaegemea surua.

#46 FundiMaabara_TBR
Mara nyingi, si mara zote. Na kama ile dozi ya kwanza haikushika, hii ya juzi kwake ndiyo ya kwanza.

#47 Ujiji Kwetu
Yaani tumezunguka mpaka tumerudi kwa yule mwanafunzi wa bwenini.

#48 MuuguziNzega
Mleta mada, sampuli imeshaondoka? Kama bado, rudi leo hii wakaandike kwenye fomu tarehe ya chanjo, na tarehe zote mbili za upele, ya mama mkwe na ya mkeo. Wasipoiona tarehe ya chanjo, kule Dar watasoma majibu bila kujua.

#49 NyumbaniKasulu
Inaondoka na gari la Alhamisi. Napanda bodaboda sasa hivi.

#50 NyumbaniKasulu
Zimeandikwa zote tatu. Majibu yakifika nitaleta hapa.